Mama yuko Mwamgongo mimi niko Mwanga, je simu inatosha kuwa daktari wake?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi naishi Mwanga hapa Kigoma mjini, mama yangu ana miaka 63 yuko kijijini Mwamgongo, kando ya Ziwa Tanganyika, ana presha na sukari. Kumleta kliniki kila mwezi ni boti, ni nauli, ni kulala kwangu siku mbili tatu. Nimemnunulia simu kubwa na mashine ya presha, mtoto wa kaka yangu anampima ananitumia majibu WhatsApp. Kuna programu inapima presha ukiweka kidole kwenye kamera, na kuna grupu la daktari mmoja anauza dawa ya kumaliza presha na sukari kabisa. Naweza kumtibu kwa simu tu? Na taarifa zake hizo zinazorushwa huku na huku ziko salama? Alafu wifi yangu ana mimba ya miezi saba huko huko, akizidiwa usiku tunampigia nani?

JIBU: Marahaba dada. Kumfuatilia kwa simu inawezekana na mi nakushauri ufanye hivyo, kumtibu kwa simu tu haiwezekani, na hilo grupu jitoe kwanza ndo uendelee kusoma.

Nikwambie kwanini nasema ufanye. Mama akija kliniki kwetu katoka Mwamgongo alfajiri, kapigwa na mawimbi, kashuka Kibirizi kapanda boda, kafika kakaa foleni na njaa yake, na dawa ya asubuhi hajameza kwasababu mtu alimwambia ukienda kupima usimeze kitu. Hapo mi nikimpima napata 165 (ile namba ya juu). Hio 165 ni ya mama au ya safari? Wengine wala hawajasafiri, wanakaa hapo Gungu tu, lakini wakimwona mtu mwenye koti jeupe presha inapanda yenyewe. Kwahiyo namba zilizopimwa nyumbani, mtu ametulia, kwa siku kadhaa mfululizo, zinaniambia mengi kuliko hio moja ninayoipata mimi mara moja kwa mwezi, na hapo ndo simu ilipoleta mabadiliko ya kweli, zamani namba hizo zilikuwa haziwezi kunifikia.

Ila lazima ziwe zimepimwa vizuri, na hapa ndo watu wengi wanapoharibu.

Kuna bibi mmoja aliletwa na mjukuu wake, mashine iko kwenye mkoba wa kitenge, simu imejaa namba, leo 171, kesho 139, keshokutwa 182. Nikamwambia kijana hebu mpime hapa hapa kama unavyompimaga nyumbani. Akamfunga mkanda juu ya sweta, mkono umening'inia, bibi miguu kaikunja anaongea na mwanae wa Kasulu kwenye simu, mashine ikasoma 176. Tukavua sweta, tukamwegemeza mgongo kwenye kiti, miguu chini, mkono juu ya meza na kanga iliyokunjwa chini yake ili mkanda uwe usawa wa moyo, simu tukazima, tukakaa kimya dakika tano. 148. Bibi yuleyule na mashine ileile, kilichobadilika ni mkao na mdomo.

Sasa mwambie huyo mtoto wa kaka afanye hivyo hivyo. Mama awe ameshaenda kukojoa, nusu saa kabla asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta wala kutoka kubeba ndoo, mkanda ukae kwenye ngozi tupu. Apime mara mbili akiachia dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku saba mfululizo, alafu namba za siku ya kwanza zitupeni maana siku ya kwanza kila mtu ana wasiwasi na mashine, zilizobaki tafuteni wastani. Wastani wa nyumbani ukiwa 135/85 au zaidi bado haijakaa sawa (kliniki tunatumia 140/90, nyumbani kiwango kinashuka kidogo kwasababu mtu ametulia). Na angalieni ukubwa wa mkanda, mama akiwa na mkono mnene alafu mkanda ni mdogo mashine inapandisha namba bila sababu, kwa mkono mnene sana inaweza kuongeza karibu 20. Mashine za kufunga kiganjani kama saa sizipendi, ya juu ya kiwiko ndo bora.

Baada ya hizo siku saba pumzikeni, msipime kila saa. Kuna watu wanapima mara kumi na mbili kwa siku, kila wakiona imepanda wanaogopa, wakiogopa inapanda zaidi.

Kitu kimoja tu hakisubiri wastani. Akifika 180/120 au zaidi na anaumwa kifua, au anapumua kwa shida, au macho hayaoni vizuri, au upande mmoja wa mwili au mdomo umelegea, au anaongea vitu havieleweki, hapo hakuna kutuma meseji na kusubiri tiki mbili za bluu, anapelekwa zahanati muda huohuo wao wapange rufaa. Tena huo ulegevu wa upande mmoja au kuongea kusikoeleweka, hata mashine ikisoma 120 anapelekwa tu, kiharusi hakisubiri namba. Akiwa kwenye 180 lakini hana dalili yoyote, akae atulie dakika kadhaa apimwe tena, ikibaki hapo hapo basi zahanati siku hiyohiyo.

Kuhusu hio programu ya kidole kwenye kamera, ifute. Sisemi kwa chuki. Marekani kulikuwa na programu moja ya namna hiyo iliyouzwa sana, ikapakuliwa na watu zaidi ya laki moja, mwaka 2016 watafiti wa Johns Hopkins wakaijaribu kwa kulinganisha na mashine za kweli wakakuta kati ya kila watu kumi wenye presha ya juu karibu wanane iliwaambia wako sawa. Hebu fikiria mama anaambiwa yuko sawa, anaacha dawa. Inawezekana huko mbele zitakuja zilizo bora, lakini mpaka sasa mkanda wa mkononi haujapata mbadala wa kamera ya simu. Na hata vifaa halali vina mambo yake, kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni kilichouzwa sana wakati wa korona, utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwa wagonjwa weusi kinakosa kugundua oksijeni iliyoshuka karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Mwanga wake unapita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi inauchanganya. Kwahiyo mtu wa kwetu akiwa anahema juu juu alafu kibanio kinasema 95, kwamba yuko sawa, muangalie mtu, usikiamini kibanio.

Sukari nayo ina mtego wake wa mtandaoni ambao sioni watu wakiusema. Mashine zetu hapa Tanzania nyingi zinasoma kwa milimo (zimeandikwa mmol/L), kwa hio ukipima unakuta 6, 9, 14. Wamarekani wanasoma kwa miligramu (mg/dL), wao namba zao ni 100, 126, 200. Ukiuliza Google mara nyingi inakuletea majibu ya Kimarekani. Sasa mtu kampima mama asubuhi kabla hajala kapata 9, anasoma mtandaoni kwamba sukari ya kawaida asubuhi ni chini ya 100, na ikishuka chini ya 70 ni hatari, anaona 9 hii mama anakufa, anamkorogea glukosi! Wakati 9 ya kwetu ukizidisha kwa 18 ni 162, yaani sukari iko juu. Kwenye mashine yenu iliyoshuka ya kuogopa ni chini ya 3.9, hapo ndo unampa kitu kitamu haraka. Andika hivyo kwenye karatasi ubandike kwenye kikasha cha mashine. Stripi (vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu) zikae kwenye kopo lake limefungwa, hali ya hewa ya ziwani ina unyevu zinaharibika, na mama anawe mikono kwa sabuni akaushe kabla ya kutobolewa maana akishika embe alafu akatoboa kidole unapima sukari ya embe.

Akili bandia. Najua hujaniuliza lakini najua huyo kijana atakuwa anaiuliza, maana wagonjwa sasa hivi wanakuja na majibu yao mkononi, na siyo jambo baya. Inaeleza vizuri, inakuandalia maswali ya kumuuliza daktari, Kiswahili chake kimekuwa kizuri tu. Shida ni hii: chukua mama mwenye presha anayemeza amlodipini alafu miguu imevimba. Ukiiuliza itakupa orodha, inaweza kuwa dawa yenyewe, inaweza kuwa moyo, inaweza kuwa figo, inaweza kuwa ini. Orodha iko sahihi kabisa. Lakini kutofautisha hapo mtu inabidi akubonyeze ugoko kwa kidole gumba aone shimo linabaki au halibaki, asikilize mapafu kama kuna maji, aulize unalala na mito mingapi, apime mkojo na damu ya figo. Kama ni dawa tunabadilisha tu, kama ni moyo ni habari nyingine kabisa. Programu haina kidole gumba. Kwahiyo iulizeni yote mnayotaka ila dozi isiguswe, msiongeze, msipunguze, msiache.

Sasa huyo daktari wa kwenye grupu. Dawa ya kumaliza presha kabisa haipo dada. Presha ya mtu mzima na sukari ya ukubwani kwa wengi tunazishika zisipande, na mtu akipunguza uzito na chumvi na kutembea zinaweza kushuka mpaka dawa zikapunguzwa, na hapo pia anayepunguza ni daktari baada ya vipimo. Anayekwambia chupa tatu unapona anauza chupa tatu. Na kuna kitu kinanikera zaidi ya bei, sehemu mbalimbali duniani zimewahi kukamatwa dawa zinazoitwa za asili asilimia mia kumbe zimechanganywa kimyakimya na vidonge vya sukari vya hospitali, mgonjwa anaona sukari inashuka anafurahi, anameza na zake za kliniki juu yake, usiku sukari inadondoka anakutwa hajitambui. Siku hizi ni rahisi kumjua daktari wa kweli, muombe jina kamili na namba ya usajili, Baraza la Madaktari Tanganyika wana rejista yao mtandaoni, unatafuta jina unaliona au hulioni. Tiba asili nao wana baraza lao. Akianza kukasirika ukimuuliza namba, umeshapata jibu. Na zile meseji za tuma hela kwenye namba hii unazifowadi kwenda 15040, hata kama huoni matokeo papo hapo tuma tu.

Nije kwenye hilo la usalama wa taarifa, umeliuliza kwa kupitia tu lakini mi naona ndo zito kuliko yote.

Watu wakisikia usalama wanawaza wadukuzi wa Ulaya. Mwamgongo mdukuzi ni nani? Simu ya mama anaishika mtoto wa kaka, pini anaijua, meseji anasoma yeye, na wewe ukipata majibu unayatuma kwenye grupu la ukoo ili kaka aliyeko Dar aone na shangazi wa Kasulu aone, na mle ndani kuna shemeji, kuna mchumba wa mtu, kuna jirani aliyeongezwa kipindi cha msiba hajatolewa mpaka leo. Mama wa miaka 63 ambaye maisha yake yote mambo ya mwili wake aliyajua yeye na baba na pengine dada yake, leo hii kijana wa miaka kumi na saba anajua mama anakojoa mara ngapi usiku. Kwa presha na sukari anaweza kuvumilia, lakini simu hiyohiyo kesho itapokea meseji ya majibu ya kipimo kingine, cha VVU, cha TB, cha shingo ya kizazi, na mama hana njia ya kukataa isisomwe maana yeye kusoma skrini hawezi, miwani hana. Nimeona kina mama wanaacha kuandikisha namba ya simu kliniki kwasababu simu siyo yao kiukweli hata kama wamenunuliwa wao.

Kwahiyo muulize. Muulize mama mwenyewe, mkiwa wawili, nani anataka ajue na nani hataki. Kama atasema wewe tu na kijana, basi tumeni nyinyi wawili, grupu la ukoo litaambiwa mama anaendelea vizuri. Sheria tunayo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti, hospitali au kampuni ikizitumia vibaya unaweza kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini sheria hio haitaingia kwenye grupu lenu la ukoo, humo polisi ni wewe. Na laini ya mama hakikisha imesajiliwa kwa kitambulisho chake yeye, piga *106# uone, nimeona watu wanazeeka na laini ya marehemu, siku ikifungwa namba za kliniki zote zinapotea.

Jambo dogo la kule kwenu ambalo litakusumbua. Ukiwa kaskazini huko karibu na mpaka simu wakati mwingine inadaka mtandao wa Burundi, na saa ya Burundi iko nyuma ya yetu kwa saa moja, simu ikiwa inajipanga saa yenyewe kengele ya dawa inalia saa nzima baadaye. Kwa vidonge vya presha siyo tatizo kubwa ila mama anachanganyikiwa anaona redio inasema hivi simu inasema vile, na salio linaweza kukatwa kwa bei ya nje. Nenda kwenye mipangilio zima saa ya kujipanga, na mtandao chagua mwenyewe wa Tanzania.

Kuhusu mfumo wa hospitali. Najua mnatuchukia tukisema mfumo umegoma subirini. Kompyuta zimetusaidia kwa dawa na pesa, kontrol namba (ile namba ya kulipia serikalini) imepunguza yale mambo ya hela kupita mikononi, na picha ya eksirei inaweza kupigwa huku mkoani ikasomwa na bingwa aliyeko Dar, hilo ni kubwa. Ila usidhani ukishaandikwa kwenye kompyuta ya kituo kimoja basi kila kituo kinakuona, kwa sehemu kubwa faili la hapa halifunguki kule, na umeme ukikata ndo kabisa. Kwahiyo daftari la mama lisitupwe. Namba za asubuhi na jioni ziandikwe humo kwa kalamu, alafu zipigwe picha zitumwe. Picha ya ukurasa mzima wa wiki naielewa kwa sekunde chache, meseji arobaini za namba mojamoja zilizochanganyika na salamu za asubuhi siwezi kuzisoma, na hakuna daktari atakayezisoma hata akikuahidi.

Na safari zipunguze hivi: nenda na mama zahanati ya hapo kijijini mjulikane, sukari na presha akipimiwa pale na muuguzi mara moja kwa mwezi inatosha kuhakiki mnachopima nyumbani, kliniki mjini muombe mpewe tarehe za mbali zaidi namba zikishakaa sawa, ukiwaonyesha daftari wana sababu ya kukubali. Damu ya figo, macho, na miguu kuangaliwa hivyo havipimiki kwa simu, kwahiyo boti itabaki, ila siyo kila mwezi.

Wifi yako sasa. 115, bure, hata kitochi, hata kama salio sifuri. Ni namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga, ulianzia kanda ya ziwa huko Shinyanga na Sengerema, kuanzia 2022 serikali ikaanza kuupeleka nchi nzima. Ukipiga anapokea mtu wa kituo anayeuliza maswali ya dalili, akiona ni dharura anatafuta gari la wagonjwa, likikosekana anampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa ambaye analipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa, wewe hutoi hata mia. Mi kila nikisikia watu wanasifia mambo makubwa ya kidijitali nawaambia hii ndo ninayoisifia, haina skrini, haina bando, mwenye kitochi na mwenye simu ya milioni wako sawa. Vifo vya kina mama kwenye uzazi hapa nchini vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16, utafiti wa 2022 vikawa 104, na siyo simu peke yake iliyofanya hivyo, kuna vituo vya upasuaji, kuna damu, kuna wakunga, lakini usafiri ulikuwa mahali pabaya sana pa kufia.

Ila huko kwenu njia ni ziwa, kwahiyo msingoje usiku wa siku yenyewe. Wiki hii wifi au kaka waende zahanati wamuulize muuguzi, tukipiga 115 usiku hapa Mwamgongo kinachokuja ni nini, boti ya nani, na upepo ukiwa mkali inakuwaje. Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana na macho kuona nyotanyota, degedege, maji kuvunjika kabla ya wakati, mtoto kuacha kucheza, ni kupiga simu na wakati huohuo kuanza kwenda zahanati, siyo kimoja kikisubiri kingine. Na akiweza ahamie kwako Mwanga mwezi wa mwisho, kuna kuchoka kwa wageni lakini utavumilia.

Kliniki ijayo mama aje na mashine yake tuipime sambamba na ya kwetu tuone kama inasema kweli, aje na daftari, na pakiti za dawa zote anazomeza pamoja na hizo za kwenye grupu kama alishaanza, asizifiche, sigombi mtu. Mtoto wa kaka naye aje maana ndo mpimaji.